Namna ya kuanza bridge ukiwa hapa Tanga, na mambo ya kumwibia Rixi Markus

Bridge ni mchezo wa karata, na kama unajua wahedi wasitini basi nusu yake ushaijua, na wala sitanii. Watu wanne, wawili kwa wawili, patna wako kakaa mbele yako, kuna turufu, kuna kufata aina iliyotangulia, kuna kukata, kuna kukumbuka nini kishatoka na nini bado kiko mkononi mwa wale wawili. Vyote hivyo vimo. Kilichobaki ni mnada wa mwanzo na tabia mbili tatu za kuacha, basi. Naandika kwa ajili ya watu wa hapa mjini, hasa nyie akina dada na mashangazi wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, ambao jioni baada ya alasiri kazi zikipungua mkeka unatandikwa barazani na karata zinatoka kwenye kopo la biskuti, maana kuna watu pale wana vichwa vya ajabu, mtu kashahesabu turufu zote kumi anakwambia iliyobaki ni hiyo ya kwako ishushe tu tukalale, halafu mtu huyo huyo anaambiwa karata ni mchezo wa wasio na kazi. Huko duniani kichwa kama hicho kinapewa kombe.

Mi njia yangu ya kufundisha ni kumshika bingwa mmoja na kumfata nyuma, kuliko kuanza na kitabu cha sheria ambacho ukifika ukurasa wa tatu ushasinzia. Bingwa wangu ni Rixi Markus. Kazaliwa 1910 kwenye mji mdogo unaitwa Gura Humorului, wakati ule ni dola ya Austria na Hungaria, leo ni Romania. Vita Kuu ya Kwanza ikaihamisha familia mpaka Vienna na huko ndo karata zikamkolea, maana Vienna ya miaka ya 1930 ilikuwa na wachezaji wa hatari sana. Akaingia timu ya wanawake ya Austria, wakabeba ubingwa wa Ulaya 1935, wakarudia 1936, na 1937 kule Budapest wakabeba wa dunia kabisa. Mwaka unaofata, 1938, Hitler kaingia Austria na Rixi ni Myahudi, ikabidi akimbilie London. Piga picha, mwaka jana bingwa wa dunia, mwaka huu mkimbizi kwenye nchi ya watu, na ndoa yenyewe haikuwa ya raha.

Akaanza upya na Uingereza. Akaja kushinda ubingwa wa dunia wa wanawake wa mchezo wa jozi 1962, timu za wanawake kwenye Olimpiadi ya bridge 1964 New York, jozi tena 1974, na Ulaya mara nyingi tu hapo katikati. Mwaka huo huo wa 1974 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha Grandmaster wa dunia, 1975 Malkia akampa nishani ya MBE kwa ajili ya bridge, na miaka yote hiyo alikuwa anaandika safu ya bridge kwenye gazeti la Guardian. Kafariki 1992. Sasa we angalia hizo tarehe vizuri, 1937 mpaka 1974 ni miaka 37 kati ya ubingwa wa kwanza wa dunia na ule wa mwisho, kwa hiyo asije mtu kuniambia shangazi yake kashachelewa kujifunza.

Haya tuingie kazini.

Pakiti kwanza

Ile pakiti ya wahedi haitoshi kwa sababu mnatoaga nane, tisa na kumi mnabaki na karata 40. Zirudisheni. Najua nyumba nyingi hizo karata zilizotolewa watoto washazichezea, zingine zimekuwa alama za kurasa kwenye madaftari, kwa hiyo nunueni tu pakiti mpya, mbili ikiwezekana, kwamba mmoja akigawa mwingine anachanganya ile ya pili na mchezo unakwenda haraka. Majoka, yaani zile jokers, yatupeni pembeni. Bridge ni karata 52, kila mtu 13.

Halafu mpangilio wa ukubwa, na hapa wazee wa wahedi ndo wanapata tabu kweli kweli. Kwenye wahedi seti, yaani saba, inampiga mfalme na ghulamu anampiga bibi. Kwenye bridge hamna hayo. Ree ndo kubwa, anafata mfalme, yaani huyo mzungu wa nne, kisha bibi, kisha ghulamu, kumi, tisa, nane, inashuka hivyo mpaka mbili. Seti inakuwa karata ya kawaida tu isiyo na cheo. Nimeona mtu mzima kaishika saba ya kopa mpaka mwisho kama anaficha dhahabu, akaishusha kwa kishindo, jirani akamwekea tisa juu yake. Vicheko mtaa mzima.

Hesabu ya nguvu ya mkono ni hii: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Pakiti nzima ina 40, kwa hiyo wastani wa mtu ni 10. Hizi pointi si za kushindia kama zile 61 za wahedi, ni za kupimia tu kabla hamjaanza, ushindi wa bridge unahesabiwa kwa idadi ya raundi ulizokula. Raundi ni raundi, ukila yenye ree na mfalme ndani au ukila yenye mbili na tatu tupu, thamani moja. Hili lirudie mpaka liingie, maana mchezaji wa wahedi mkono wake unamwasha akiona pointi zinapita.

Wiki za mwanzo chezeni bila mnada

Usianze na mnada. Gawaneni, kila mtu ataje pointi zake kwa sauti, upande wenye nyingi ndo wanacheza, na kati ya hao wawili mwenye nyingi zaidi ndo anakuwa mwenye mchezo. Patna wake anakuwa dami, yaani anaziweka karata zake zote 13 mezani wazi, zimepangwa kwa aina, kila mtu anaziona, na yeye hachezi tena, mwenye mchezo ndo anamwambia toa hii toa ile. Mwenye mchezo anachagua turufu au anasema hakuna turufu, anataja anadhani atakula raundi ngapi, jirani wa kushoto kwake anatoa karata ya kwanza, na hiyo karata ikishatoka ndo dami anashusha zake.

Huyu dami ndo kitu kinachowashangaza watu kuliko vyote. Mtu anauliza sasa mimi nikae tu niangalie? Ndio, kae uangalie, nenda kachemshe chai, rudi. Lakini kwa mwenye mchezo hapo ndo raha inaanza kwa sababu anaona karata 26 na za adui 26 anazipiga hesabu. Na wale wawili nao wanaona za dami, kwa hiyo kila mtu mezani ana nusu ya siri na nusu kaipata bure.

Chezeni hivyo mpaka mzoee kuhesabu raundi kabla ya kutoa karata hata moja. Dami akishashusha, acha kukimbilia, hesabu: raundi zangu za uhakika ngapi, nimeahidi ngapi, zilizopungua nazitoa wapi. Ukiweza hilo tu ushawapita watu wengi waliocheza miaka.

Mnada wenyewe

Raundi ziko 13. Sita za mwanzo kwenye mnada hazisemwi, ukisema "kopa moja" maana yake nitakula raundi 7 na kopa ndo turufu, "kopa nne" ni raundi 10, na ukifika saba umeahidi zote 13. Ngazi inapanda hivi: pau ya chini, uru, kopa, shupaza, na juu yao wote ni "bila turufu". Aliyegawa anaanza, inazunguka, ukitaka kusema lazima upande juu ya aliyetangulia la sivyo useme pasi, na pasi tatu zikifatana mnada umefungwa. Aliyesema mwisho ahadi ni ya upande wake, na kati ya yeye na patna wake yule aliyeitaja hiyo aina kwanza ndo anacheza, mwenzie dami.

Malipo ndo yanayowafanya watu wapande. Pau na uru kila raundi juu ya zile sita ni 20, kopa na shupaza 30, bila turufu ya kwanza 40 na zinazofata 30. Ukiahidi na ukatimiza 100 au zaidi hiyo inaitwa gemu na ina zawadi kubwa, ndo maana wote wanapigania sehemu tatu: bila turufu tatu, kopa nne au shupaza nne, pau tano au uru tano. Ukiahidi raundi 12 ukazipata ni slemu, 13 ni slemu kuu, zawadi zinapanda zaidi. Ukishindwa ahadi, wale wa upande wa pili ndo wanaandika.

Vipimo vya kuanzia: una pointi 12 na kuendelea fungua mnada, taja aina yako ndefu, kwa kopa na shupaza uwe nazo tano. Una 15 mpaka 17 na mkono umelingana hauna aina fupi sana, sema bila turufu moja. Nyinyi wawili mkiwa na kama 25 hivi gemu inawezekana, 33 angalieni slemu. Msiongeze kitu kingine. Kuna mitindo na maswali ya siri na majibu yake, mamia kwa mamia, kuna watu wanajua yote na bado wanafungwa na bibi kizee anayehesabu.

Hapa ndo pa kumwibia Rixi kitu cha kwanza. Huyu mama alijulikana kwa kupanda. Kwenye mnada alikuwa hana woga, akiona gemu ipo kwa mbali anaitaja, akija kwenye kucheza karata zenyewe anakuwa mtu mwingine, mwangalifu, hatoi kitu ovyo. Wanaoanza wengi wanafanya kinyume, mnadani wanaogopa wanaishia kopa mbili na pointi 27 mikononi, halafu kwenye kucheza wanakimbia kama mtu anawahi boti. Kwa maoni yangu mwaka wa kwanza bora ushindwe ahadi mara nyingi kwa kupanda kuliko kutimiza ahadi ndogo ndogo kila siku, kwa sababu aliyezoea kopa mbili hatakuja kujua kucheza kopa nne.

Patna, na hapa naomba nikae kidogo

Kitu cha pili cha kumwibia ni Fritzi Gordon. Huyu naye katokea Vienna, naye akakimbilia London, na ndo patna wa Rixi kwenye ule ubingwa wa jozi wa 1962 na wa 1974, na kwenye timu ya 1964 walikuwa wote. Jozi ya kuogopwa dunia nzima kwa wanawake. Na walikuwa wanagombana! Mezani, mbele za watu, waziwazi, ugomvi wao ulikuwa maarufu kama ushindi wao. Lakini wakikaa kucheza tena wanajuana mpaka pumzi.

Nikisoma habari zao namuona shangazi yangu na jirani yake. Hawa wamecheza wahedi pamoja tangu mimi sijaanza shule, na kila jioni ni kesi. Juzi nimepita nimekuta shangazi kashika kiuno, karata kazitupa mkekani:

"We mwanamke, mimi nimetoa kopa, wewe unanirudishia pau. Kopa zako unampelekea nani?"

"Kopa sina mie."

"Unayo. Nimehesabu. Mzungu wa pili unaye wewe, angekuwa kwa huyu angeshamtoa."

Jirani akafungua mkono, bibi wa kopa huyo hapo. "Nilikuwa namuweka," anasema.

"Unamuweka! Unamuwekea harusi? Kesho sichezi na wewe, wallahi."

Nikasema shikamoo shangazi, akanijibu marahaba mwanangu bila kunitazama, kashaanza kuchanganya. Na kesho yake nimepita wako pale pale wawili upande mmoja.

Sasa mi nawaambia hiyo ndo jozi ya bridge imeshakamilika, imekosa mnada tu. Shangazi kajua bibi yuko wapi kwa kuangalia karata ambayo adui HAKUITOA, na hilo ndo somo la juu kabisa la bridge, watu wanalipia walimu wafundishwe. Kwa hiyo mkitaka kuanza usiseme tutabadilishana wenza kila siku ili tuzoeane wote. Chukua mtu mmoja, wa kudumu, mwenye muda sawa na wako, ambaye ukimfokea saa kumi na moja saa kumi na mbili mnakunywa kahawa. Kaeni chini mkubaliane mnada wenu unasema nini, muandike kwenye daftari, ukurasa mmoja unatosha. "Mimi nikifungua bila turufu moja wewe una pointi 10, unasema tatu." Vitu kama hivyo. Na ugomvi muufanye baada ya mkono kuisha, sio katikati, kwa sababu ukinuna katikati ushamwambia adui una nini.

Hilo linanipeleka kwenye tabia ya kuacha, na samahani kwa wakongwe. Kukonyezana. Kwenye wahedi ya barazani tunajuana, mtu anagusa sikio, anakohoa, anapangusa pua na kanga, na sehemu zingine ni nusu ya mchezo. Kwenye bridge ni wizi, moja kwa moja. Unaruhusiwa kumpa patna wako habari kwa karata unayotoa na kwa unachosema mnadani, na wale wawili wana haki ya kuuliza maana yake. Uso, mikono, sauti, kuchelewa makusudi, hapana. Jambo hili wanalichukulia kwa uzito mpaka 1975 kwenye mashindano ya dunia kule Bermuda walianza kuweka pazia la mbao katikati ya meza ili patna wasionane, na hapo hapo wachezaji wawili wakakaripiwa kwa mambo ya miguu, ikabidi na chini ya meza pazibwe. Kwa hiyo bibie wewe na pua yako, angalia.

Mkono mmoja wa mfano

Chukueni karata zenu mpange huu mkono mezani, kusoma tu hautaelewa.

Wewe: shupaza ree, saba, tatu. Kopa mfalme, bibi, tano. Uru bibi, kumi, tisa, nne. Pau ree, bibi, nne. Hesabu, ni 17, umelingana, umefungua bila turufu moja.

Patna: shupaza sita, mbili. Kopa ree, nane, nne. Uru ree, ghulamu, nane, tano, tatu. Pau mfalme, saba, mbili. Ana 12, kasema bila turufu tatu. Ahadi yenu raundi 9.

Jirani wa kushoto anatoa mfalme wa shupaza. Patna wako anashusha, anakuwa dami. Simama hapo hapo, hesabu: shupaza raundi moja, kopa tatu, pau tatu, uru ya ree moja. Nane. Inapungua moja na iko kwenye uru, unamkosa mfalme tu, uru mnazo tisa, hata wakila na mfalme wao zilizobaki zote zenu.

Swali ni mfalme wa shupaza unafanyaje. Mchezaji wa wahedi mkono wake unaruka, ree hiyo hapo, kula! Acha. Ukila sasa hivi kisha ukaenda uru, utampitisha bibi wako, yaani unamtoa bila kumfunika na ree ya dami, ukitumaini mfalme yuko kushoto, kumbe yuko kulia, anakula, na bado ana shupaza mkononi anamrudishia mwenzie, na yule wa kushoto ana shupaza nne zilizobaki anazishusha moja baada ya nyingine. Raundi tano zimekwenda, umebaki na nane, ahadi imekufa na mkono ulikuwa mzuri.

Toa tatu. Akitoa bibi wa shupaza, toa saba. Ya tatu ndo ule na ree. Kama shupaza zao zilikuwa tano kushoto na tatu kulia, yule wa kulia sasa amekaukiwa. Nenda uru, mpitishe bibi, anakula na mfalme wake, na hana tena shupaza ya kumrudishia mwenzie. Analeta kopa au pau, zote zako. Umepoteza shupaza mbili na uru moja, umekula kumi.

Ukimuonesha mtu huu mkono mara mbili, wa kwanza kwa pupa na wa pili kwa subira, karata zile zile, macho yanamtoka. Mi naona ndo saa ambayo mtu anaingia bridge na hatoki.

Bahasha za kuondoa bahati

Kuna watu wataniambia karata ni bahati tu na wengine watasema ni kamari. La kamari, chezeni bila pesa, bridge ya mashindano inachezwa kwa pointi na haihitaji shilingi hata moja mezani, na ukiwa na swali la dini zaidi ya hapo muulize shekhe wako sio mimi. La bahati lina dawa yake na ni nzuri sana.

Mkiwa wanane mnaweza kuweka meza mbili. Gaweni mikono, na wakati wa kucheza msitupie karata katikati, kila mtu anaiweka yake mbele yake mwenyewe, akila anaigeuza wima, akiliwa anailaza. Mwisho kila mtu ana zake 13 kamili. Ziingizwe kwenye bahasha nne, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, zipelekwe meza ya pili, wacheze mikono ile ile. Timu yenu inakaa kaskazini na kusini meza hii, na mashariki na magharibi meza ile. Sasa hakuna cha kusema nilipewa karata mbovu kwa sababu mwenzako kapewa hizo hizo, na kapata raundi 10 wewe umepata 8. Mashindano yote makubwa ya dunia yanachezwa kwa mtindo huo, na ndo maana majina yale yale yanashinda miaka nenda rudi. Bahasha za kaki za dukani zinatosha kabisa, andikeni namba juu na mshale wa nani kagawa.

Ukikosa watu

Shida ya Tanga ni mtu wa nne. Watatu unawapata, wa nne kaenda Pangani msibani. Kwa hiyo kuna simu. Bridge Base Online, wenyewe wanaiita BBO, kujiunga bure, kuna meza za watu wa dunia nzima na kuna roboti za kujifunzia, na kubwa zaidi unaweza kukaa ukaangalia mabingwa wanacheza huku unaziona karata za wote wanne. Angalia sana kabla hujacheza. Chagua mchezaji mmoja, ficha wengine kwa mkono wako kwenye kioo, jiulize ningetoa nini, halafu angalia katoa nini.

Na usione aibu umejifunzia wapi. Helen Sobel, Mmarekani, ambaye 1957 alicheza kwenye timu ya Marekani ya ubingwa wa dunia pamoja na wanaume, alikuwa mnenguaji wa jukwaani na bridge alifundishwa na mnenguaji mwenzie. Huyu naye alikuwepo Budapest ile 1937, kwenye timu ya Marekani ya Ely Culbertson iliyofungwa na wanaume wa Austria. Baadaye akawa patna wa Charles Goren, ndo huyo aliyezisambaza hizi pointi za 4, 3, 2, 1, na inasimuliwa kuwa mtazamaji mmoja alimuuliza dada wa watu inakuwaje kucheza na mtaalamu mkubwa, naye akamuelekezea kidole Goren: muulize yeye.

Mambo mawili ya mwisho ya simu. Ukikaa meza ya watu usiondoke katikati ya mkono, wanachukia sana na watakuandika jina, kwa hiyo angalia bando na angalia chaji kabla, na umeme ukiwa wa kukatika katika siku hiyo cheza na roboti tu, roboti hainuni. Na pale wanapokuuliza kiwango chako andika unayeanza, hata kama wahedi we ndo mbabe wa barabara yenu nzima, maana ukiandika mtaalamu watakupanga na watu wanaotaja slemu kwa pointi 28 na watataka kujua kwanini hukuelewa.